Asheville, mji uliokosa hela ya kujibomoa

Watu wakikusimulia Asheville wanaanza na vituko. Utaambiwa kuna jamaa anavaa kama sista wa Kikatoliki halafu anakatiza mjini juu ya baiskeli ndefu mpaka anawachungulia abiria wa basi dirishani, kuna basi la zambarau limejaa watalii wanaangua vicheko barabara nzima, kuna sehemu ya kunywea kahawa ndani ya lile basi jekundu la ghorofa la London, na Ijumaa jioni watu wanajaa bustanini kupiga ngoma mpaka giza linaingia. Yote kweli, nimeona. Lakini mimi kilichonishika ni deni. Yaani ule mji uko vile ulivyo kwa sababu ulifilisika, ukafilisika kisawasawa, ukatumia karibu nusu karne kulipa. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Kwa ambao hamjui, Asheville iko magharibi mwa North Carolina, Marekani, kwenye milima ya Blue Ridge, kama mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake hawafiki hata 100,000. Sisi tulitokea Charlotte, kama kilomita 200, shemeji ndo dereva na mimi kazi yangu kushika simu na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Saa ya kwanza hamna kitu, tambarare na malori tu, halafu ghafla barabara inaanza kupanda, masikio yanaziba yanazibuka, na ile milima kweli ni ya bluu jamani. Miti ya kule inatoa gesi fulani ambazo zikichanganyika na hewa na jua zinafanya ukungu mwembamba, ndo maana ukitazama mbali safu ya kwanza unaiona ya kijani, ya nyuma yake bluu, inayofuata bluu iliyopauka, mpaka hujui mlima umeishia wapi mbingu zimeanzia wapi.

Mjini kati unapokelewa na nguruwe. Sitanii. Pale Pack Square kuna sanamu za shaba za nguruwe na bata mzinga wanatembea zao kwenye lami kama wana safari, watoto wanawapanda mgongoni, wazazi wanapiga picha. Kumbe ni historia hiyo, mwaka 1828 ilifunguliwa barabara ya Buncombe Turnpike ikipita hapo, na kwa miaka mingi wachungaji walikuwa wanaswaga makundi ya nguruwe na bata mzinga kutoka Tennessee kupitia milimani mpaka masoko ya South Carolina. Kwa miguu! Sasa wewe fikiria kumswaga bata mzinga kilomita mia na kitu, mi kuku wawili tu wananishinda.

Tukawa tunatembea tu bila ramani na ndo nikaanza kuona kwamba majengo ya huu mji hayaendani na ukubwa wake. Mji mdogo hivi una jumba la manispaa la ghorofa 8 ambalo kilele chake ni piramidi ya vigae vya waridi na kijani, limechorwa na Douglas Ellington, likamalizika 1928. Halafu pembeni yake kabisa kuna mahakama ya kaunti, refu zaidi, la kijivu, limenuna, wala halifanani na mwenzie hata chembe. Mpango wa mwanzo yalikuwa yawe mapacha, sema viongozi wa kaunti walipoona mchoro wa Ellington wakaona huyu katuzidi, wakatafuta mchoraji mwingine wa kuwachorea kitu cha heshima. Basi majengo mawili yamesimama pamoja miaka yote hiyo kama ndugu waliogombana kwenye msiba. Shemeji akasema la kaunti ndo zuri. Tulibishana mpaka chakula kikaja.

Hela za yote hayo zilitoka wapi? Milimani kule watu walianza kwenda kwa ajili ya hewa, hasa wagonjwa wa kifua kikuu enzi ambazo dawa ilikuwa kupumzika na kupumua vizuri. Matajiri nao wakafuata. George Vanderbilt, mjukuu wa yule tajiri wa meli na reli, alikuja na mama yake miaka ya 1880 mwishoni, akapapenda, akanunua ardhi mpaka akachoka, akajenga Biltmore, nyumba ya vyumba 250 aliyoifungua mkesha wa Krismasi 1895. Mpaka leo ndo nyumba kubwa kuliko zote za watu binafsi Marekani na bado iko mikononi mwa familia yake. Tuliingia, tiketi imechangamka kwelikweli, na nitasema kidogo tu maana picha zake ziko kila mahali: kuna bwawa la kuogelea ndani, kuna sehemu ya kuchezea bolingi chini ya nyumba, na kuna mabafu 43. Shemeji aliposikia hiyo 43 akauliza kwa sauti ya chini, "nani alikuwa anayasafisha?" na kiukweli baada ya hapo sikuangalia tena mapazia, nilikuwa natafuta vyumba vya watumishi. Vipo, chini na juu, na ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Ila Biltmore ilileta mafundi, na fundi mmoja ndo aliyeniachisha mdomo wazi. Rafael Guastavino, Mhispania, alikuja kufanya kazi kwenye ile nyumba, akawa anasali kwenye kanisa dogo la mjini, akaona padogo, akajitolea kusaidia kujenga jingine. Ndo hilo Basilika la St. Lawrence. Kwa nje utasema kanisa zuri, sawa, umepita. Ingia. Inua shingo. Kuba lake si la duara, ni la yai, kama mita 18 kwa 25, na halina hata boriti moja ya mbao wala chuma inayolishika, ni vigae vyembamba vimelazwa tabaka juu ya tabaka na saruji inayokauka haraka, kila kigae kinamshikilia jirani yake. Kuna mama mtu mzima anajitolea pale kuwaelekeza wageni, akatuonesha kwa mkono jinsi mistari ya vigae inavyozunguka na kupungua kuelekea katikati, nikaifuata kwa macho mpaka kizunguzungu. Guastavino mwenyewe hakuliona limekwisha, alifariki 1908, mwanae akamalizia mwaka uliofuata, na baba kazikwa humohumo ndani. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu sana mpaka mama wa watu akaja kutuuliza kama tunataka kuungama.

Haya, tajiri wa pili ndo kiboko. Edwin Wiley Grove. Huyu bwana utajiri wake umetokana na kwinini! Wote tunaijua kwinini ile ya kukunja uso, sasa yeye mwishoni mwa karne ya 19 akatengeneza dawa ya malaria ambayo ile ladha chungu haisikiki sana, akaiita Tasteless Chill Tonic, ikauzwa kwa mamilioni, maana Marekani ya kusini ilikuwa na malaria ya kutosha. Tangazo lake mojawapo lilikuwa na picha ya nguruwe mwenye uso wa mtoto, kwamba mwanao akinywa hii atanenepa hivi. Na zile hela za homa za watu ndo zikajenga hoteli ya Grove Park Inn, ikafunguliwa 1913 ubavuni mwa mlima. Mawe yake ni yale ya mlimani yameletwa na kupachikwa hivyohivyo na moss zake. Kwenye ukumbi kuna meko mbili, kila moja unaweza kuingiza gari, na lifti za hoteli zimefichwa ndani ya mabomba ya hayo meko, yaani unabonyeza kitufe mlango unafunguka kwenye mawe ya bomba la moshi. Mimi nilipanda na kushuka bila sababu ya msingi. Kulala pale hatukulala, bei yake tuliiangalia tukacheka, lakini kukaa kwenye viti vya ukumbini ukatazama jua linazama hakuna anayekufukuza.

Huyohuyo Grove akaanza kujenga mjini soko kubwa la ndani, Grove Arcade, ambalo juu yake lilitakiwa kuota mnara. Akafa 1927, jengo likafunguliwa 1929 bila mnara. Na 1929 hiyohiyo ndo soko la hisa la Marekani likaporomoka.

Hapa sasa. Miaka ya 1920 Asheville ilikuwa imelewa. Viwanja vinapanda bei kila wiki, mji unakopa unajenga, unakopa unajenga, shule, barabara, lile jumba la manispaa lenye vigae vya waridi. Tarehe 20 Novemba 1930 benki kubwa ya mji, Central Bank and Trust, ikafunga milango, na ndani kulikuwa na hela za wananchi, za manispaa na za kaunti pia. Zikaenda. Miji mingine ya Marekani iliyokwama wakati ule ilitafuta kupunguziwa deni, Asheville ikasema italipa lote. Ikalipa mpaka 1976! Mtoto aliyezaliwa mwaka benki inaanguka alikuwa na miaka 46 siku mji wake ulipochoma moto hati za deni za mwisho. Mwaka 1976 huo, watu washafika mwezini na kurudi.

Sasa katika hiyo miaka yote, miji mingine ilikuwa inavunja majengo ya zamani inaweka maghorofa ya vioo na viwanja vya kuegesha magari. Asheville mjini kati haikuwa na hela. Haikuwa na hela ya kujenga na haikuwa na hela ya kubomoa. Kwa hiyo majengo ya miaka ya 1920 yakabaki yanakusanya vumbi, madirisha yamepigwa mbao, njiwa ndo wapangaji. Na deni lilipokwisha tu, watu wakaleta wazo la kubomoa eneo la karibu mitaa 11 ili waweke moli. Wapinzani wa mpango wakafunga vitambaa kwa vitambaa wakatengeneza kamba, wakaizungusha eneo zima linalotaka kuvunjwa ili kila mtu aone ukubwa wake kwa macho. Kura ikapigwa 1981, wananchi wakakataa. Mimi nilipozunguka ile mitaa nikawa nafikiria hicho kitambaa tu, maana kila nilichokipenda kilikuwa ndani yake.

Vyumba vibovu kodi yake ndogo, na kodi ndogo inaleta watu wa aina fulani. Wafinyanzi, wapiga banjo, watu wa tiba za mawe, wasagaji wa kahawa wenye masharubu ya kusokotwa, mtu mmoja anataka kufungua duka la vitabu na mvinyo. Ndo vituko vikaanzia hapo.

Na ngoma sasa. Ijumaa jioni kwenye miezi ya joto, Pritchard Park, kijibustani cha pembetatu katikati ya mji chenye ngazi za mawe za kukalia. Sitaficha, nilienda na mdomo umeshapinda, wazungu na djembe, nikajua nitacheka. Mwanzo ni fujo kweli, kila mtu anapiga lake. Mzee wa ndevu nyeupe ana djembe ya maana, dada mmoja yuko na nguo zake za unesi ni kama ametoka zamu sasa hivi, kijana ana ndoo ya plastiki, mtoto ana kijiko. Halafu polepole jamaa mmoja mwenye ngoma kubwa ya besi anakamata mdundo mmoja, hauachii, haurembi, anaurudia tu, wenzake wanaanza kumsogelea mmoja mmoja, na baada ya kama robo saa ule uwanja wote unadunda kitu kimoja na watu wameingia katikati wanacheza, bibi na mjukuu, jamaa mwenye suti, mlevi wa mtaani ambaye ndo alikuwa anacheza vizuri kuliko wote. Mdomo wangu ukanyooka. Shemeji nilimtafuta nikamkuta katikati amevua viatu.

Lakini kuna upande mwingine, na nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Nimesema mji haukuwa na hela ya kubomoa. Ukitoka Pack Square ukashuka kidogo tu unafika makutano ya Eagle na Market, hapo palikuwa ndo moyo wa biashara za watu weusi, panaitwa The Block, na lile jengo la pembeni ni YMI, yaani Young Men's Institute, kituo cha jamii, lilijengwa miaka ya mwanzo ya 1890 kwa mkopo wa Vanderbilt kwa ajili ya wafanyakazi weusi, wakiwemo waliomjengea ile nyumba ya mabafu 43. Ukiendelea na kuuliza mitaa ilikuwa wapi, East End, Southside, unaoneshwa barabara pana na nyasi. Miaka ya 1960 na 1970 serikali kuu ilitoa hela za "kuboresha miji", na za kubomoa zikapatikana chapuchapu, ila za kubomoa nyumba za weusi, makanisa yao, saluni zao, maduka yao. Southside ilikuwa moja ya miradi mikubwa kabisa ya namna hiyo kusini mashariki mwa Marekani. Mzee mmoja tuliyemkuta amekaa nje ya YMI, tulimsalimia akatuuliza tunatoka wapi, tukaongea, akanyoosha fimbo yake kuelekea upande wa kituo cha polisi akasema kule kulikuwa kwetu. Akaendelea na stori ya mpira.

Mwaka 2020 baraza la mji lilipiga kura, 7 kwa 0, kuomba radhi kwa utumwa na ubaguzi na kukubali fidia kwa jamii ya weusi. Mwaka uliofuata wakaanza kuuondoa mnara wa gavana mmoja wa zamani aliyekuwa anamiliki watumwa, uliokuwa umesimama palepale Pack Square karibu na nguruwe wetu. Nguruwe wamebaki.

Tulishuka pia mtoni, River Arts District. Mto French Broad una ukorofi wake, unatiririka kwenda kaskazini, na kando yake kulikuwa na viwanda na maghala ya zamani ambayo wasanii waliyageuza kuwa studio. Tarehe 27 Septemba 2024 kimbunga Helene kilifika huku milimani, mamia ya kilomita kutoka baharini, mahali ambapo watu walikuwa wanahamia kukimbia vimbunga. Mto ulipanda mpaka mita 7 na nusu, ukapita rekodi ya mafuriko ya 1916. North Carolina ilipoteza watu zaidi ya 100. Mjini maji ya bomba hayakufaa kunywa kwa siku 53. Na kitu kilichonichanganya, hifadhi kubwa ya kumbukumbu za hali ya hewa ya Marekani iko Asheville, nayo ilizimika.

Dada mmoja mfinyanzi aliyefungua tena alituonesha ukuta wake wa matofali, kuna mstari wa kahawia juu ya fremu ya mlango, mi mrefu lakini sikuugusa hata kwa kunyoosha mkono. Amekataa kuupaka rangi. Tanuri lake la zamani lilipatikana chini kabisa mtoni, limejaa tope na vikombe vingine bado vimo ndani, vizima. Nikamuuliza vikombe vile anauza? Akasema vile hapana, hivi vingine ndio, na hapo nikajikuta nimetoa kadi.

Alituambia pia kwamba kodi imepanda vibaya, kwamba wasanii wenzake wengi sasa wanaishi nje ya mji na wanaendesha saa nzima kuja kuwa "watu wa ajabu" mbele ya watalii. Nilijiangalia mimi mtalii nikanyamaza.

Kama una gari, nenda Mount Mitchell, mita 2,037, mlima mrefu kuliko yote mashariki mwa mto Mississippi. Barabara inakupeleka karibu na kilele kabisa, unatembea kidogo tu. Juu kuna kaburi la Elisha Mitchell, profesa aliyeupima na kusema ndo mrefu, akabishiwa na mwanafunzi wake wa zamani, mwaka 1857 akarudi kupima tena ili amkomeshe, akateleza kwenye maporomoko akafa. Wamemzika kileleni. Alikuwa sahihi.

Mambo machache kwa anayetaka kwenda. Oktoba majani yanabadilika rangi na panapendeza sana ila foleni na bei navyo vinabadilika, bora katikati ya wiki. Barabara ya Blue Ridge Parkway angalia kwanza sehemu gani ziko wazi maana Helene iliichanachana. Viatu vya kutembelea, mji mzima ni vilima. Na usiache chakula kwenye gari, hata biskuti, hata paketi tupu ya krisps. Dubu weusi wanaingia mpaka kwenye makazi ya watu, na mlango wa gari wanajua kuufungua. Kuufungua kwa ndani ndo hawajui, kwa hiyo ukijifunga nyuma yake atachana viti vyote akitafuta pa kutokea. Mwenye nyumba tuliyofikia alituonesha picha ya gari la mgeni aliyetutangulia. Shemeji usiku ule alitoka mara mbili kuhakikisha kafunga milango.